Paka mzee, mizani ya Mangi na bili ya daktari wa mifugo

Kidawa, paka wetu, ana miaka 14. Kwa hesabu wanayoitumia madaktari wa mifugo, mwaka wa kwanza wa paka ni kama miaka 15 ya mtu, wa pili unamfikisha 24, kisha kila mwaka unaongeza minne. Kwa hiyo huyu wetu ni bibi wa miaka 72 hivi. Mwaka jana alianza kunywa maji. Paka hawa wa kienyeji hawana desturi ya kunywa sana, maji yao mengi huyapata kwenye samaki na nyama. Sasa yeye akawa anaamka alfajiri, anapanda ukingo wa ndoo ya bafuni, anainama mpaka masharubu yanalowa, na anakunywa muda mrefu hadi ukiwa kitandani unausikia ulimi ukipiga maji.

Nyumbani tukasema ni uzee, na joto la Tanga. Alipoanza kukonda tulimwita mtu wa kuja kumchoma sindano. Akampa oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, na vitamini. Baada ya wiki mbili tena, na baadaye tena. Kila mara alichangamka siku mbili, tukafurahi, kisha akarudi palepale. Siku nilipompeleka kwa daktari mwenye vifaa vya kupima, nilikuwa nimeshalipa mara tatu kwa kubahatisha, na hela hizo zingetosha kipimo cha mkojo na cha damu, na chenji ingebaki. Simlaumu aliyechoma. Sisi ndio tuliosema "mchome apate nguvu", hatukumwuliza paka anaumwa nini.

Wenye mbwa au paka mzee wengi huiona bili ya daktari kama donge moja kubwa, unalimeza au unalikimbia. Lakini ndani yake mna hela za aina tatu: ya kujua tatizo, ya matunzo ya kila mwezi, na ya dharura. Hela ya kujua ndiyo tunayoibania kuliko zote, na kwa mnyama mzee ndiyo inayookoa nyingine.

Kwa nini upime kwanza

Kipimo hakitibu, ndiyo maana kinaonekana anasa. Mtu anaona bora alipie dawa, angalau kuna kitu kimeingia mwilini. Tazama basi dalili moja tu, hiyo ya kunywa maji mengi huku mnyama anakonda. Kwa paka mzee inaweza kuwa figo, inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa tezi ya shingoni imezidisha kazi. Kwa mbwa jike asiyefungwa kizazi kunywa maji mengi kunaweza kuwa usaha umejaa kwenye mfuko wa uzazi. Kisukari kinataka insulini kila siku, tezi ina vidonge vyake, usaha unataka kisu leo hii, na figo hazitaki hata kimoja kati ya hivyo. Sindano ya vitamini haigusi lolote.

Figo zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ni katika maradhi yanayowamaliza paka wazee wengi. Figo zina akiba kubwa. Vichujio vyake vinaweza kufa kimyakimya miaka na miaka, na vilivyobaki vikabeba kazi ya wenzao. Zikishapotea kama theluthi mbili za uwezo, figo hushindwa kuubana mkojo, maji yanapita tu, na paka anakunywa ili kufidia. Kreatinini, taka ya mwili ambayo figo hupaswa kuitoa, huwa haipandi waziwazi kwenye damu mpaka robo tatu hivi ziwe zimekwenda. Maana yake ndoo ya bafuni ilikuwa inatuambia habari kabla damu haijasema.

Kipimo kilichofungua mambo kwa Kidawa kilikuwa rahisi kupita vyote. Daktari aliweka tone la mkojo kwenye kioo cha kifaa kidogo kama darubini, akakielekeza dirishani, akachungulia. Ukihesabu maji matupu kuwa 1.000, uzito wa mkojo wa paka mzima kwa kawaida unazidi 1.035. Wake ulisoma 1.012, yaani karibu maji matupu. Baada ya hapo ndipo tukalipia damu, tukiwa tunajua tunatafuta nini.

Mahali ambapo daktari hana mashine ya damu, wengine hupeleka sampuli maabara ya binadamu. Mashine ya kreatinini au ya sukari haijali damu ni ya nani, ila viwango vya kawaida vilivyochapishwa kwenye karatasi ya majibu ni vya watu. Usiisome mwenyewe ukafurahi au ukalia, mwachie daktari.

Naomba pia tuache haya. Kwetu kumtajia daktari kiasi ulichonacho mfukoni ni kama kujivua nguo, kwa hiyo tunaitikia kila kitu, kisha hatuonekani tena. Mwambie mwanzoni: "Daktari, leo nina kiasi hiki. Tuanze na kipi?" Na kwa kila kipimo anachopendekeza muulize: "Majibu yakitoka hivi au vile, matibabu yatabadilika vipi?" Ikiwa hayatabadilika, kipimo hicho kinaweza kusubiri. Daktari mzuri hachukii maswali haya, yanamsaidia kupanga. Na uwe na uhakika ni daktari kweli. Tanzania wanasajiliwa na Baraza la Veterinari, Kenya na bodi yao ya veterinari, na bwana mifugo mwenye stashahada ana kazi zake halali ambazo si zote za daktari. Penye ugumu, hospitali za mafunzo kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, zina walimu na vifaa ambavyo kliniki ya mtaani haina.

Mizani ya Mangi

Kila mwisho wa mwezi nambeba Kidawa kwenye kapu la ukili hadi dukani kwa Mangi. Mangi anaweka kwanza kapu tupu, anarudisha mizani kwenye sifuri, kisha namtia paka ndani na kufunika na kanga. Anasoma, naandika kwenye daftari, anafuta mizani kwa kitambaa, anaendelea kupima sukari. Sijawahi kulipa hata shilingi.

Macho yako hayatoshi kwa kazi hii. Unayemwona kila siku huoni akikonda, na manyoya yanaficha mbavu. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400 ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7. Ingekuwa ni shangazi yako amepungua kilo 7 bila kujua sababu, usingengoja Krismasi. Kwa mbwa mkubwa, panda naye kwenye mizani ya kliniki ya wajawazito kama muuguzi ni mwungwana, au mbebe na ujipunguze uzito wako. Mbwa usiyeweza kumbeba mpime kwa kamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, uweke fundo, na mwezi ujao ulinganishe.

Mizani inasaidia upande wa pili pia. Kampuni ya chakula cha mifugo Purina iliwahi kufuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador kwa jozi tangu wakiwa wadogo, mmoja wa kila jozi akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Mbwa wa getini anayetupiwa ugali na mafuta ya nyama na kila mpita njia anapendwa sana, na magoti yake ndiyo yanayolipa.

Yanayosingiziwa uzee

Paka asiyepanda tena juu ya kabati watu humwona ametulia. Mara nyingi anaumwa viungo. Watafiti wa Marekani waliangalia picha za eksirei za paka 100 wenye zaidi ya miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na viungo vilivyochakaa. Paka halii. Anaacha kuruka, anaacha kulamba manyoya ya mgongoni yakawa mafundo, kucha zake zinarefuka mpaka zinagonga sakafuni, anaanza kujisaidia pembeni ya sanduku lake la choo kwa sababu ukingo wake ni mrefu kwake. Nusu ya tiba haina bei: kigoda karibu na kitanda ili apande kwa hatua mbili, beseni la chini kwa choo, gunia lililokunjwa mahali pasipo na baridi ya sakafu.

Mdomo unaonuka si mdomo wa kizee, ni jino linalooza. Wenyewe huogopa nusukaputi, "atazimika huyu". Umri peke yake haumzuii mnyama kulazwa kwa nusukaputi, kinachohatarisha ni figo au moyo mbovu usiojulikana, ndiyo maana damu hupimwa kwanza na dripu huwekwa wakati wa kazi. Paka akishang'olewa meno mabovu hula vizuri kwa ufizi, wengi wananenepa.

Mbwa anayekonda, amepauka ufizi, na siku moja anatokwa na damu puani, wengi humhesabia siku zake. Kwenye nchi zetu za kupe ni lazima kwanza uulize erlikia, mdudu wa damu anayeletwa na kupe wa kahawia na anayeweza kujificha mwilini miezi au miaka. Doksisaiklini kwa takriban wiki nne huwarudisha wengi wao, hasa wakiwahiwa. Ni dawa ya kawaida madukani. Kinachohitajika ni mtu wa kuchukua tone la damu na kulitazama kabla mbwa hajaishiwa nguvu.

Na paka aliyepofuka ghafla, mboni zimetanuka hata juani, anaweza kuwa na shinikizo la damu, ambalo figo mbovu hulileta mara kwa mara. Akipata amlodipini mapema, hiihii ya watu kwa kipande kidogo, wengine huona tena kidogo. Siku chache za kungoja zinatosha kuliharibu jicho moja kwa moja.

Matunzo ya kila mwezi

Figo za Kidawa hazitapona. Tunachonunua ni siku nzuri, na tulikubaliana hivyo na daktari tangu mwanzo.

Kila jioni ya pili anapata maji chini ya ngozi. Mfuko wa Ringer's lactate unaning'inia kwenye msumari wa dirisha, baada ya kuwekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, maana maji baridi humfanya aruke. Naishika ngozi ya mabegani, naivuta juu kama ncha ya chandarua, nachoma kwenye kile kibonde kinachojitokeza chini ya vidole. Mililita 100, kama alivyoandika daktari. Inatokea nundu ndogo kama ya ng'ombe, na mpaka usiku imeshuka kwenye mguu wa mbele, asubuhi haipo. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka, nikamchoma nikatokea upande wa pili, maji yote yakamwagikia kanga. Mara ya tano alilala usingizi katikati ya kazi. Kulipia kliniki ifanye hivyo kila mara kungetushinda ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo kilichotuokoa ni daktari kukubali kunifundisha. Usijianzishie mwenyewe: mnyama mwenye moyo dhaifu huweza kuzama kwa maji hayohayo.

Chakula nacho kilibidi kibadilike. Dagaa wakavu ndio chakula cha paka wa Pwani, lakini wanaliwa na mifupa yote, na mifupa ni fosforasi, ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa. Juu ya hapo kuna chumvi. Vyakula maalumu vya figo vinauzwa mijini kwa bei ya kutisha. Sisi tunachanganya: kidogo cha dukani, na minofu ya samaki au kuku wa kuchemsha bila chumvi, pamoja na supu yake, kwa mpango aliouandika daktari ili madini yasipungue. Usimtilie mchuzi wa nyumbani. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu za paka na mbwa, hata vikipikwa.

Kuna jambo moja hapa ningependa lifike kila nyumba. Usimpe mnyama dawa yako ya maumivu. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua: ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso unavimba, pumzi inambana. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kumalizia figo zake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kupe za mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka, humtia degedege. Nimeona watu wema kabisa wakiwaua wanyama wao kwa huruma ya namna hii, usiku, kliniki zimefungwa. Zipo dawa za maumivu za mbwa na za paka, na hata hizo hupimwa kwa uzito na kwa hali ya figo.

Dharura na kibubu

Dharura mbaya ni ile ambayo ingeepukika. Takwimu za bima za Sweden, ambako mbwa wengi wana bima na kila ugonjwa unaandikwa, zilionyesha kwamba takriban robo ya mbwa majike wasiofungwa kizazi walipata usaha wa mfuko wa uzazi kabla ya kufika miaka 10. Huja wiki chache baada ya kipindi cha kutaka dume: mbwa hali, anakunywa sana, anatapika, tumbo linajaa, wakati mwingine uchafu unatoka nyuma na wakati mwingine hautoki kabisa. Upasuaji wake ni uleule wa kufunga kizazi, ila sasa unafanywa usiku kwa mnyama mzee anayekufa, na bili ni mara kadhaa zaidi. Kama jike wako ni mzima na hujamfunga, hela ya kumfunga ndiyo bima yake.

Bima yenyewe ni habari ya wenzetu walioko Ulaya na Marekani zaidi. Mlioko huko wenye paka wa miaka 11 someni kipengele cha maradhi yaliyokuwapo kabla ya mkataba, kwani karibu kila kampuni huyaengua, na ada hupanda kadiri mnyama anavyozeeka. Uingereza kuna shirika la PDSA, lililoanzishwa na Maria Dickin London mwaka 1917 kwa ajili ya wanyama wa maskini, na hadi leo linatibu wanyama wa watu wenye kipato kidogo. Huku kwetu bima ya mifugo tunayoisikia ni ya ng'ombe.

Sisi tuna kibubu. Kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko, jina la Kidawa limeandikwa kwa kalamu, na chenji ya samaki inaingia humo. Jirani yangu mwenye mbwa wawili amejiunga na upatu akiwa na nia hiyohiyo, na zamu yake akaiomba iwe karibu na msimu wa mvua, kupe wanapozidi. Muhimu ni hela iwepo kabla ya ugonjwa, kwa sababu usiku wa dharura ndio wakati mbaya wa kuanza kufikiri. Na mkae wote nyumbani muulizane mapema: tutafika mpaka wapi? Kiwango kilichosemwa mchana mkiwa watulivu hakiumizi kama kile kinachosemwa mnyama akiwa anahema mezani.

Maneno ya watu yatakuwepo. "Watu hawana dawa, wewe unamtibu paka." Nimeambiwa, tena na ndugu niwapendao. Sijawajibu kwa hasira. Mnyama tuliyemfungia ndani ya ukuta wetu hana pengine pa kwenda kutafuta nafuu, na kwetu Pwani tumekua tukisimuliwa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Ada ya shule haijawahi kuguswa kwa ajili ya Kidawa, na haitaguswa. Hicho ndicho kiwango chetu.

Siku ya kumpumzisha

Kwenye daftari la uzito nimeongeza mistari mitano: amekula, amekunywa, amejisafisha, amejisaidia bila taabu, amekuja kukaa nasi. Kila jioni naweka alama. Mwezi ambao siku mbaya zitazidi nzuri nitampigia daktari, sitangoja aanze kulia.

Watu wengi wanaogopa kwa kutojua kinachofanyika. Daktari huanza na dawa ya kumtuliza, kisha dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa kupitia mshipa. Mnyama hulala, na moyo husimama baada ya muda mfupi. Macho hubaki wazi, na mwili unaweza kushtuka au kuvuta pumzi mara moja mbili baadaye. Hayupo tena, hasikii. Unaruhusiwa kumshika kichwa. Uliza bei mapema, kwani dawa hupimwa kwa uzito na mbwa mkubwa ni ghali zaidi. Anayetaka kumwuliza sheikh au padri wake, amwulize sasa. Kaburi liwe refu, mbali na kisima, sababu dawa hiyo hubaki ndani ya mzoga na mbwa atakayeufukua akala anaweza kufa. Kumpeleka sokoni na kumwacha penye samaki, au kumtegea sumu, ni mateso ya siku nyingi kwa aliyekuamini miaka 14.

Kidawa bado anakula. Mwezi huu mizani ilisoma kilo 3.3, kama mwezi uliopita, na Mangi aliniuliza kabla sijafungua daftari.